Kilichobadilishwa Kisifichwe

Anayenunua gari la zamani huwa na maswali mengi, lakini moja huyapita yote: je, vitu vyake ni orijino? Muuzaji naye anajua kwamba jibu la ndiyo linapandisha bei, kwa hiyo mara nyingi hulitoa kabla hajaulizwa. Nimelitafakari sana swali hilo tangu mpwa wangu aliponiomba nimsindikize kukagua Mercedes-Benz aliyotaka kuinunua hapa Dar es Salaam. Ilikuwa W123, toleo lililotengenezwa Ujerumani kati ya 1976 na 1986, na yakatoka magari takriban milioni 2.7. Dalali alikuwa amelitangaza kwa maneno matatu: kila kitu orijino.

Tulilipeleka kwa fundi mzee ambaye ana shimo la kukagulia, tukaanza na ekzosi. Rangi hupigwa upya na viti huvalishwa ngozi mpya, lakini ni wachache wanaokumbuka kupamba mabomba ya moshi. Anayetaka kujua historia ya gari hupata mengi huko chini.

"Tutajuaje, mjomba?" mpwa wangu aliniuliza. Fundi ndiye aliyejibu, akimpa brashi ya waya: "Sugua kutu kwanza, mwanangu. Usome kilichoandikwa."

Kweli kuna maandishi. Vipuri vya Mercedes vina namba zinazosomeka kwa mpangilio. Kipande cha ekzosi kilichobuniwa kwa ajili ya gari hili huanza na herufi A, kisha 123, yaani toleo la gari, kisha fungu la tarakimu linaloanza na 49, ambalo ndilo kundi la mfumo wa kutolea moshi. Pembeni hugongwa nyota yenye ncha tatu. Wakati mwingine huonekana pia jina la aliyekitengeneza, kwa mfano Eberspächer, kampuni ya mji wa Esslingen iliyoanzishwa mwaka 1865, ambayo kwa miongo mingi imetengeneza ekzosi kwa ajili ya viwanda vya magari vya Ujerumani. Kipande kikiwa na tarehe, kazi inakuwa rahisi zaidi: bomba lililotengenezwa baada ya gari kutoka kiwandani haliwezi kuwa lile lililozaliwa nalo, hata kama nyota ipo.

Pasipo na maandishi, umbo huzungumza. Bomba la kiwandani likikunjwa hubaki na mduara wake hata kwenye kona. Lililokunjwa kwa nguvu za karakana mara nyingi hubonyea au huwa na makunyanzi upande wa ndani wa kona. Mshono wa mashine huenda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini wa mkono una vinundu na hubadili upana. Kisha huangaliwa raba zinazoning'iniza ekzosi. Ndoano za kiwandani zikiwa tupu, na bomba likashikiliwa na kipande cha bati kilichochomelewa mahali pengine, basi mkono mwingine umepita hapo.

Tulipomaliza kusugua, majibu yalikuwa manne. Manifodi, kile chuma kizito kinachopokea moshi kutoka kwenye injini, ilikuwa ya tangu mwanzo, na namba yake ilisimama juu ya chuma kama ilivyomiminwa. Bomba la mbele lilikuwa na nyota, ila tarehe yake ilikuja miaka kadhaa baada ya gari. Sailensa ya kati ilikuwa na jina la mtengenezaji bila nyota. Sailensa ya nyuma ilikuwa kazi ya mikono ya mafundi wa kuchomelea, wa aina ya wale wanaojaza mitaa ya Gerezani, na ilikuwa kazi safi.

Mpwa wangu alinyong'onyea. Fundi hakushangaa hata kidogo, na sababu yake ndiyo iliyonifungulia mlango wa tafakari hii.

Kila lita ya petroli inayoungua huzalisha maji yanayokaribia lita moja. Gari likienda safari ndefu, mfumo mzima hupata moto na maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Likiwashwa tu kwenda dukani na kurudi, mvuke hugeuka matone ndani ya sailensa ya nyuma, kwa kuwa hiyo iko mbali na injini na huchelewa kupata joto. Matone huchanganyika na gesi zitokanazo na salfa ya mafuta, yakawa na asidi, yakaanza kulila bati kutoka ndani kwenda nje. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani. Siku unapoona tundu, bati limeshaliwa zamani. Kwa hiyo sailensa ya nyuma iliyodumu miaka 40 Dar es Salaam haipaswi kumfurahisha mnunuzi kabla hajauliza gari lilikuwa linafanya kazi gani. Huenda lilifunikwa turubai miaka yote hiyo, na raba na mipira yake imekauka kwa kukaa bure.

Hapo nilianza kuona kwamba tunaheshimu kutoguswa kupita kiasi. Kitu kinachofanya kazi huchakaa, na kinachochakaa hubadilishwa. Sailensa ile ya kuchomelewa ilikuwa ushahidi kwamba gari limetumika, limeharibika, na mwenyewe hakulitupa. Ilikuwa pia kazi ya fundi fulani aliyekata bati, akalikunja na kulipima mpaka likakaa mahali pake, ili gari la Ujerumani liendelee kutembea Tanzania. Sioni sababu ya kuionea haya kazi ya namna hiyo.

Haya ilikuwa katika yale maneno matatu ya tangazo. Tulipompelekea mwenye gari taarifa, mzee mstaafu mwenye sauti ya upole, mpwa wangu alimwamkia, kisha akamweleza kwa adabu tulichokiona. Mzee hakubisha. "Hayo ya orijino aliyasema dalali, mwanangu," alisema. "Mimi nina daftari." Akalileta. Kila kilichobadilishwa kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: tarehe, bei, kilikotoka, aliyekifunga. Sailensa ya nyuma ilikuwemo, na hata sababu ya kutoagiza ya Ujerumani mwaka huo ilikuwemo: fedha zilikwenda kwenye ada za shule.

Gari lile halikuwa orijino. Lilikuwa kweli, na mpwa wangu alilinunua kwa sababu ya daftari.

Naufikiria upande wa pili pia, maana nimeuonja. Gari langu la kila siku ni Toyota iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Magari ya namna hiyo hubeba masega kwenye ekzosi, kile kichujio cha kupunguza sumu ya moshi, ambacho ndani yake kuna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa ajili ya madini hayo masega huibwa. Fundi alipoligonga ganda la kwangu kwa nyundo ya mpira, lililia kama debe. Lilikuwa la kiwandani na alama zake zote zilikuwepo. Mtu alikuwa amelipasua mahali pasipoonekana, akatoa masega, akalifunga tena. Kwa macho lilikuwa orijino kuliko sailensa ya yule mzee, na halikuchuja chochote.

Vipande hivyo viwili nimeviweka pamoja moyoni. Kimoja kimebadilishwa waziwazi na kinafanya kazi yake. Kingine kina alama zote za asili, na ndani ni kitupu. Nikiulizwa ningependa kufanana na kipi, sihitaji muda wa kufikiri.

Wengi wetu tumelelewa kuona fahari katika kusema "mimi sijabadilika." Mzee husema hivyo mbele ya vijana, mgombea mbele ya wapiga kura, mume mbele ya mke. Lakini maisha yana asidi yake. Msiba hula, ugonjwa hula, deni hula, na vingi huliwa kutoka ndani kabla hakijaonekana kitu nje. Mtu aliyepita humo hatoki na vipande vyake vyote vya mwanzo. Imani yake huenda imeshonwa upya, subira aliyonayo leo alifundishwa na waliomuuguza, na ndoa yake imesimama kwa sababu mshenga aliitwa usiku wakakaa kitako mpaka asubuhi. Hayo ni matengenezo, na walioyafanya wanastahili kutajwa.

Kosa huanza tunapoyaficha. Mzazi anayewaambia watoto kwamba hakuwahi kuanguka anawanyima namba ya fundi aliyemwinua. Kijana akianguka atadhani ni yeye peke yake katika ukoo mzima aliyepata tundu. Angeonyeshwa daftari, angejua kwamba walioharibikiwa kabla yake walitengenezeka, na angejua pa kwenda.

Sisemi kwamba asili haina thamani. Kwenye makumbusho, au mbele ya waamuzi wa mashindano ya magari ya kale, nyota iliyogongwa mahali pake ina uzito wake, na ni haki ilipiwe. Lakini wengi wetu hatuendi kwenye makumbusho. Tunaishi na wenzetu barabarani, wanaotutegemea tuwafikishe. Hao hawahitaji tuwe kama tulivyotoka kiwandani. Wanahitaji kujua tumetengenezwa wapi, na kama tunashika.

Basi ukiulizwa kama wewe ni yule yule wa zamani, jibu kwa ukweli. Taja kilichobaki, taja kilichobadilishwa, na umtaje aliyekusaidia kukibadilisha. Atakayekukubali baada ya jibu hilo amekukubali wewe, na hutakuwa na cha kumficha.