Shahidi Mkweli Naye Aweza Kukosea

Watu wengi hudhani ya kuwa ukumbuko wa mtu ni kama kasha: kilichotiwa ndani leo kitatolewa kesho vilevile kilivyo. Kwa dhana hiyo, wazee wawili wakisimama barazani na maneno yao yakapishana, mara twasema, "Mmoja wao ni mwongo." Sisi tukaao Mtawanya, katika wilaya ya Kibiti, twalisikia neno hilo hasa katika mashauri ya mipaka ya mashamba. Mkorosho uliokuwa alama umekwisha kukatwa, aliyeupanda amekufa, na karatasi hakuna. Kilichobaki ni vichwa vya wazee tu. Na neno "mwongo" likiisha kutoka kinywani, majirani hawaazimani tena jembe, wala hawaendi kuzikana. Basi yafaa tujue wenye elimu wameona nini juu ya jambo hili.

Wa kwanza ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani. Huyu alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana, kisha akajipima mwenyewe baada ya muda. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha ya kuwa kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Saa moja ilipopita, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea.

Wa pili ni Frederic Bartlett, wa chuo kikuu cha Cambridge, aliyetoa kitabu chake mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa Marekani, nao wakaisimulia tena na tena. Mitumbwi ya hadithi ikageuka mashua, na yaliyokuwa mageni kwao yakaachwa au yakafanywa kuwa kama mambo ya kwao. Wala hawakukusudia kudanganya. Walijenga upya palipobomoka, kwa miti waliyokuwa nayo. Lakini Bartlett huyo huyo alikutana na mchungaji mmoja Mswazi, kusini mwa Afrika, aliyetaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao na bei zao, akakosea mambo madogo mawili tu. Maana ng'ombe walikuwa ndio maisha yake. Kwa hiyo tusiudharau ukumbuko wa wazee: mtu hushika sana lile alipendalo na alifanyalo kila siku.

Wa tatu ni Elizabeth Loftus, wa Marekani. Mwaka 1974, yeye na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi picha za sinema za magari yaliyogongana. Wanafunzi 50 waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", na wengine 50 "yalipopondana". Baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwako; hata hivyo 7 wa kundi la kwanza walisema waliviona, na 16 wa kundi la pili. Neno moja la muulizaji lilitia kitu ndani ya kichwa cha shahidi, naye asijue.

Tuyapime haya kwa mambo ya kwetu. Mzee akiulizwa, "Je, mpaka haukupita pale penye mkorosho mkubwa?" amekwisha kupewa mkorosho. Ni heri aulizwe, "Tueleze mpaka ulipita wapi," kisha anyamaziwe hata amalize. Tena kila shahidi na asikilizwe peke yake, kabla hawajakaa pamoja na kuazimana maneno.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji, watu saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu, kazi yao kupatanisha. Sheria hiyo hiyo yatoa njia ya kupata hatimiliki ya kimila. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mipaka na iandikwe sasa, wazee wangali hai na alama zingali zimesimama.

Hatusemi kwamba waongo hawako duniani. Twasema tu ya kuwa mtu aweza kukosea kwa moyo safi, na kumwita mwongo kabla ya kupima maneno yake ni kumvunjia heshima bure. Shamba likigawanywa vibaya laweza kupimwa tena. Ujirani uliovunjika haupimwi kwa kamba.