Homa ya Land Rover

Sisi wauguzi tunajua kuwa homa ni dalili, siyo ugonjwa wenyewe. Land Rover kuukuu ya Uingereza ilitukumbusha hilo.

Ilikuwa na tabia ya kuchemsha. Fundi akang'oa thamostati, tukafurahi. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba.

Thamostati ni kimlango chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, hubaki kimefungwa ili ipate moto upesi. Joto likifika nyuzi 82 hivi, nta hutanuka, kimlango hufunguka na maji hupita kwenda kupoa kwenye rejeta. Bila hicho, asubuhi za baridi za Basotu injini huchelewa kupata moto na kula mafuta mengi.

Siku moja tulikuwa tukimpeleka Katesh mama mwenye uchungu. Tukipanda mlima, gari likachemsha. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, mikononi mwetu, salama. Dereva alipotaka kufungua kifuniko cha rejeta tulimkataza, kwa maana maji yale yangemuunguza uso. Tulingoja injini ipoe kwanza.

Baadaye rejeta ilisafishwa na thamostati mpya ikafungwa. Akina mama wenzetu, dalili isinyamazishwe. Kitafutwe chanzo chake.