Kidogo Si Hakuna

Mwaka jana mdogo wetu mmoja wa kikundi alikohoa wiki tatu. Tukampeleka kituo cha afya, akatoa makohozi, jibu likarudi: hakuna kitu. Tulifurahi, bana. Tukarudi kulala sita chumba kimoja kama kawaida. Miezi miwili baadaye alikuwa amekonda hadi suruali anaifunga kwa kamba. Akapimwa upya kwa mashine nyingine: kifua kikuu. Na sisi wengine tukapimwa. Wawili tukakutwa nacho.

Tulikasirika sana. Tukasema tumedanganywa. Ila muuguzi mmoja alitukalisha akatueleza: kwa hadubini, mpaka vijidudu viwe kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo vionekane. Vikiwa chini ya hapo, mpimaji anaangalia vizuri kabisa na haoni. Kumbe ile "hakuna" ya kwenye karatasi ilikuwa na maana ya "sijaona".

Toka siku hiyo tukaanza kutafuta kwenye simu: kuna kitu kinachoweza kuona kidogo zaidi? Ndipo tukakutana na vipimo vya nyuzi za faiba, hizi hizi zinazoleta intaneti. Baadhi yetu tulishachimba mitaro ya faiba kwa kibarua, na hatukujua kama uzi ule unaweza kupima ugonjwa.

Kazi yake iko hivi. Faiba ni uzi wa kioo safi sana, unene wake unakaribia unywele. Mwanga ukiingia upande mmoja unadundadunda ndani mpaka upande wa pili, hautoki. Lakini uzi ukipunguzwa unene sehemu fulani, mwanga kidogo unachungulia nje, umbali mfupi kuliko urefu wa kijidudu chenyewe. Pale watafiti wanabandika kingamwili, kama ndoano inayoshika samaki wa aina moja tu. Molekuli ya ugonjwa ikinaswa, mwanga unabadilika kidogo, na mashine iliyo mwisho wa uzi inasoma mabadiliko hayo. Si lazima kukiona kijidudu kizima. Protini zake tu zinaweza kumtoa mafichoni. Kwa kifua kikuu pia wameshajaribu.

Tusidanganyane lakini: sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara. Joto likipanda, mwanga nao unabadilika. Vitu vingine vya kwenye damu au makohozi vinaweza kujibandika pale na kuchanganya jibu. Sasa fikiria turubai letu saa nane mchana, na lile vumbi. Tunaomba wanaovitengeneza waje wavijaribu huku pia, siyo kwenye vyumba vya kiyoyozi tu.

Mdogo wetu alimaliza dawa za miezi 6, amerudi golini. Sisi wawili pia tumepona.

Kijana mwenzetu, ukikohoa wiki mbili, nenda upimwe. Ukiambiwa hakuna na bado unakohoa, rudi tena, usione aibu. Na ninyi dada na kaka zetu wa mashirika, mkitupa jibu, mtuambie pia kipimo gani kimetumika na kinaweza kukosa nini. Sisi tukisikia "hakuna", tunaenda kulala sita chumba kimoja.