Asumbi, nilikofunzwa na mtoto mchanga

Ukipanda matatu mjini Kisii kuelekea Asumbi, masikio ndiyo yatakayokujulisha kwamba unakaribia. Ndani ya gari Kigusii kinapungua, Kijaluo kinazidi, na ukiingia Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, hata makanga anadai nauli kwa Kijaluo.

Wengi huijua Asumbi kwa misheni yake ya Kikatoliki, shule ya upili ya wasichana na chuo cha ualimu. Mimi naijua kwa kuwa ndiko nyumbani. Safari hii tulikuwa wanne: mimi, mke wangu ambaye ni Mkamba, kijana wetu wa miaka tisa na binti wa miezi saba.

Kusema kweli, nilikwenda na azimio moyoni. Kijana wetu alilelewa Asumbi na nyanya yake, na alipoanza shule Nairobi wenzake walimcheka kwa kusema "samba" badala ya "shamba", kwani Kijaluo hakina sauti ya "sh". Muhula mzima hakuinua mkono darasani. Nikaapa kwamba binti hatasikia Kijaluo hata kidogo.

Mama alimpakata mjukuu, akaanza kumwimbia. Nilipomweleza azimio langu, alinitazama kwa muda.

"Basi mimi nitamwita kwa lugha gani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikayakumbuka majaribio ambayo watafiti Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walichapisha mwaka 1984. Mtoto huketi pajani mwa mama, sauti moja ikirudiwarudiwa. Ikibadilika naye akageuza kichwa, huonyeshwa kichezeo kama tuzo. Watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka nyumba za Waingereza-wasemaji walitambua sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao walishindwa kuzitofautisha. Kufikia miezi 10 hadi 12, wengi walikuwa wameupoteza uwezo huo. Sikio hushika kile linachokisikia kila siku.

Kijaluo nacho kina sauti za namna hiyo. "Tho" ni kifo, na ulimi hugusa meno. "To" ni lakini, na ulimi hugusa ufizi. Wageni wengi huzichanganya. Binti yangu wa miezi saba, mlango wake ungali wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiufunga!

Nikakumbuka pia utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika vijiji vya Wajaluo magharibi mwa Kenya. Wazazi walipewa vitabu vya picha na kufunzwa kuzungumza na watoto juu ya picha zile. Watoto walijifunza maneno ya vitabu hivyo, na hata wale ambao wazazi wao hawakujua kusoma walifaidika.

Asubuhi mke wangu alikuwa jikoni na mama, akijaribu Kijaluo chake. Alikusudia kusema "to", akasema "tho". Kijana wetu, yule aliyechekwa Nairobi, akamsogelea.

"Mama, ulimi usiguse meno."

Akamrudilia mara tatu, polepole, bila kumcheka. Nje, mama yangu akamwita binti kwa Kijaluo, naye akageuza kichwa.

Azimio langu nililiacha Asumbi. Je, msomaji, wewe mwanao umemfungia lugha ipi?