Spoki Moja Ikikatika: Baiskeli katika Mchanga wa Palma

Aendaye kaskazini katika Mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, akitoka Mocímboa da Praia kuelekea Palma, hupita katika nchi ya minazi, mikorosho na mchanga. Bahari huwa upande wake wa kuume. Mwanzo wa safari husikia Kimwani, lugha iliyo jirani wa karibu wa Kiswahili. Akikaribia Palma na Quionga, Kiswahili chenyewe humlaki, kwani ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Mtwara. Wareno waliinyakua Ghuba ya Tungue, ilipo Palma, kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1887. Quionga nayo ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916. Msumbiji ilijipatia uhuru mwaka 1975. Watawala wa kigeni wameondoka. Mchanga umebaki pale pale.

Katika mchanga huo, mchukuzi wa mnyonge ni baiskeli. Juu ya keria yake hufungwa tenga la samaki, gunia la mihogo, nazi, na pengine hupakiwa mgonjwa. Baiskeli nyeusi za mtindo wa zamani, ambazo kwa kawaida huwa na spoki 40 nyuma na 32 mbele, zina sifa ya uvumilivu. Baiskeli za milimani, zenye gia na matairi mapana, hazizami upesi mchangani; lakini gurudumu lao la nyuma mara nyingi lina spoki 36 au 32 tu, nalo liliundwa kumbeba mtu, si mtu pamoja na tenga lake.

Basi njiani husikika mlio mkavu: spoki imekatika. Fundi hutia mpya. Baada ya siku chache hukatika ya pili, kisha ya tatu. Mwenye baiskeli hulaumu mzigo, au humlaumu fundi.

Sababu yenyewe ni hii. Gurudumu linapozunguka, kila spoki hulegea kidogo ifikapo chini, kisha hukaza tena ipandapo. Gurudumu la inchi 26 huzunguka takriban mara 500 katika kila kilomita. Chuma kinachotendewa hivyo huchoka, kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Spoki iliyolegea tangu awali hucheza zaidi, ikachoka mapema. Nayo hukatika hasa kwenye kiwiko, pale inapopindwa kuingia katika kitovu cha gurudumu. Aghalabu huwa ni gurudumu la nyuma, upande wa gia, ambako spoki husimama wima zaidi na kuvutwa kwa nguvu zaidi. Kutu ya chumvi ya bahari huongeza udhaifu. Kwa hiyo anayebadilisha moja moja huziacha zile nyingine, zilizochoka pamoja na mwenzao, zingojee zamu yao.

Spoki ikikatika safarini, yafaa kuizungushia ya jirani ili isinase, kupunguza mzigo na kukokota baiskeli. Zikiwa zimekatika mbili au tatu, dawa ni kulifumua gurudumu na kulisuka upya kwa spoki mpya zote, za unene na urefu unaostahili. Tone la mafuta hutiwa kwenye nyuzi za nati. Fundi stadi hukaza kidogo kidogo, akizunguka rimu yote, kisha huzidonoa spoki kwa kidole kama mpiga zeze: za upande mmoja zitoe sauti moja. Mwishowe huzishika mbili mbili na kuzibana kwa nguvu, ili zikae sawasawa katika matundu yake. Baada ya safari za kwanza hukaguliwa tena.

Hayo si mambo madogo katika pwani hii. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, viliwatawanya watu kwa maelfu, kwa miguu na kwa mashua. Wengi wamekwisha kurejea, ingawa mkoa haujapata utulivu kamili. Arejeaye huanza na jembe, wavu, na, akijaliwa, baiskeli. Samaki hangoji, jua likipanda naye tenga likiwa kando ya njia, chakula na ada ya shule huoza pamoja naye.

Kwa hiyo mwenye busara hupitisha kidole juu ya spoki zake alfajiri, kabla ya kufunga mzigo. Iliyolegea huikaza siku hiyo hiyo, kwani hiyo moja ikikwepa sehemu yake ya uzito, jirani zake ndizo zitakazolipa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.