Darubini ya Baba

Ndugu wasomaji, wengi mmeniuliza ni darubini gani ya bei nafuu inayofaa kutazamia sayari. Nitajibu, ila nianze na kosa langu.

Nikiwa likizoni nyumbani Karagwe, nilimsimulia baba jinsi Galileo, Januari 1610, alivyoona nyota nne ndogo kando ya sayari ya Jupita, akatambua kuwa zinaizunguka. Baba alikuwa ametoka kuuza kahawa. Akanihesabia fedha, akasema, "Nasi tuzione."

Nilichagua darubini ambayo boksi lake liliandikwa kwamba inakuza mara 525. Usiku huo niliweka lenzi yenye nguvu kuliko zote. Niliona ukungu mweupe unaotetemeka, basi. Baba akauliza, "Unaona?" Nikajibu, "Naona." Alipoinama yeye, alikaa kimya kirefu, kisha akasema, "Macho yangu yamezeeka." Nami sikumkanusha.

Seminarini, mwalimu wa fizikia alinifungua macho. Kinachopima darubini ni upana wa lenzi yake ya mbele au kioo chake kikuu, kwani ndicho kinachokusanya mwanga. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili ya upana huo kwa milimita. Yangu ina milimita 60, hivyo mwisho wake ni kama mara 120. Ile 525 ilikuwa ya kwenye boksi tu. Hesabu ya ukuzaji ni rahisi: gawanya urefu wa fokasi kwa ule wa lenzi ya kutazamia. 700 kwa 20 ni mara 35, na hizo zinatosha kuona miezi minne ya Jupita, hata pete za Zohali.

Basi, ukinunua, tafuta upana wa milimita 70 au zaidi na miguu isiyotikisika. Chagua stendi ya kawaida, ya kupanda na kushuka, kulia na kushoto. Ile inayofuata mzunguko wa nyota hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kwetu Karagwe na Kyerwa, karibu na ikweta, ncha hiyo iko kwenye upeo wa macho. Stendi nyingi za bei nafuu haziinami kiasi hicho. Tena kwetu sayari hupita karibu na utosi, kwa hiyo hakikisha kuna kioo cha kupinda mwanga, usije ukavunjika shingo. Fedha zikipungua, darubini ya macho mawili ya 10x50, ikiegemezwa vizuri, itakuonyesha miezi hiyo. Na kamwe usiielekeze kwenye jua, utapofuka.

Kiangazi kilichofuata nilirudi nyumbani. Nilitundika mfuko wa mawe chini ya miguu ya darubini ili itulie, nikaweka lenzi ya 20. Kabla ya kumwita baba atazame, nilimwambia, "Baba, siku ile sikuona kitu. Nilikudanganya. Macho yako hayakuwa na kosa."

Hakujibu. Aliinama, akatazama mpaka nikaanza kusikia baridi. Kisha akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akamwita mama.

Wapendwa, nunueni darubini ndogo iliyo ya kweli. Na mkiulizwa mnaona nini, semeni mnachokiona.