Chupa za Mshihiri

Mpwa wangu amezaliwa Jeddah na kukulia Jeddah, lakini juzi aliishika chupa yangu ya soda ya zamani, akaitikisa, akauliza nani aliyetia gololi humo ndani na itatokaje. Nikamweleza habari za Mwingereza Hiram Codd na uvumbuzi wake wa miaka ya 1870: gesi huisukuma gololi juu, ikabana kwenye mpira wa shingoni, mnywaji huibonyeza irudi chini. "Sasa mjomba, si wangeweka kizibo tu?" Kizibo cha bati kilikuja 1892. Hakungoja jibu hilo, alisharudi kwenye simu yake.

Chupa hiyo niliiokota karibu na lango la Bab Makkah, Jeddah, baada ya mvua kubwa, mwaka 1979. Pasipoti yangu kuukuu inataka iwe 1978. Na iwe. Ukuta wa mji ulibomolewa 1947, na taka za miji ya kale zilitupwa nje ya kuta, kwa hiyo kila mafuriko yalipopita, vigae na vioo vilichomoza.

Aliyenifundisha kuvisoma ni Mshihiri mmoja, muuza manukato katika Souq al-Alawi. Duka lake halikuzidi upana wa mkeka. Ukilikaribia ulipokewa kwanza na iliki ya jirani, kisha waridi, kisha udi, na chini ya yote harufu ya mafuta ya taa ambayo hatukujua inatoka wapi. Alikaa Lamu ujanani na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Mkali ajabu! Chupa hakuuza. Ulikwenda na yako akakupimia. Huna, rudi nyumbani ukaifuate, hata uwe tajiri vipi. Nilimwona akimrudisha bwana mmoja mwenye bishti ya thamani, na bwana yule akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi, imeoshwa.

"Mwanangu, rangi hudanganya. Papasa." Alipitisha ukucha juu ya mshono ulioachwa na kalibu, macho yake yako kwa mteja mwingine. Mshono ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda mpaka ukingoni, ni kazi ya mashine, karne ya 20 hiyo. Kisha kitakoni: kovu la mviringo ni pale fimbo ya mpuliza kioo ilipovunjwa, na chupa hiyo ni kongwe zaidi. Rangi nayo? Kioo cheupe kilichotiwa manganizi hugeuka zambarau kikiachwa juani miaka mingi. Viwanda vingi viliiacha manganizi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, basi zambarau ingekuwa ushahidi mzuri, kama siku hizi wajanja wasingezipiga chupa mionzi na kuwauzia wajinga.

Balozi zilipohamia Riyadh katikati ya miaka ya 1980, nami dereva wa ubalozi nikahamia. Ijumaa tulikwenda jangwani Thumama, nikapekua mchanga bure. Reli ya Dammam ilifika Riyadh 1951. Kabla yake kioo kilipanda ngamia, na chupa iliyofika nzima nani angeitupa? Nikaokota Pepsi, na Pepsi, na Vimto. Halafu plastiki ikaja, na hiyo haiokotwi, inakufuata yenyewe.

Mji wa kale wa Jeddah ukaingia orodha ya UNESCO 2014. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yakaanza kubomoa mitaa ya kusini ya jiji, vifusi vikapakiwa malori bila mtu kuinama. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza vipande kama 25,000 vilivyochimbuliwa mji wa kale, vioo vikiwemo, na anayeokota vitu vya kale sasa sheria inamtaka avikabidhi. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni na kijana wa manukato huko sokoni, mwenye fulana ya kampuni. Nilimpa kichupa changu anijazie. Hairuhusiwi, mzee, lazima ununue na boksi, na utepe, na mfuko. Nikamlipa, nikayamimina manukato kwenye kichupa changu mbele yake, boksi lake nikamwachia mezani.